Kila Chenye Kutu ni cha Mjerumani

Bei ya spana kuukuu haipangwi na muuzaji, inapangwa na macho ya mnunuzi. Ipite ilivyolala kwenye turubai, katikati ya bawaba zilizokatika na vifuniko vya masufuria visivyo na masufuria, nayo ni chuma chakavu tu, inasubiri mzani. Iinamie, imefika elfu tano. Igeuze uone upande wa pili, elfu kumi. Na ole wako utoe miwani mfukoni usome maandishi! Hapo kijana anaacha muhogo wake, anafuta mikono kwenye suruali, anasogea taratibu, na kukutajia bei ambayo zamani ilinunua gari lenyewe.

Nakusanya vifaa vya mkono vya magari ya zamani. Nalisema mapema ili asiyependa ahamie ukurasa wa michezo. Spana, jeki, bisibisi, bomba za grisi, liva za tairi, hendeli za kuzungushia injini za enzi zile ambazo kuwasha gari kulitaka mtu awe ameshakula. Magari yenyewe siyakusanyi. Magari ya zamani yana wenyewe, watu wenye uwanja na mlinzi. Mimi nina stoo ambayo tukiingia wawili, mmoja lazima atoke ndipo mwingine apumue. Kwa hiyo nimebaki na spana, na pamoja na spana nimebaki na maneno.

Mbinu za kupunguza bei ninazo, hazifanyi kazi. Nafika kwa wauza vyuma wa Gerezani, Dar es Salaam, nimevaa sura ya mtu anayetafuta bawaba. Naulizia bawaba. Nalalamikia bei ya bawaba. Naondoka hatua mbili, nageuka kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo kisicho na maana, nasema, "Na hii je, ya kazi gani?" Vijana wanatazamana, wanacheka. Wananijua. Kabla sijafika kona ya mwisho, habari imeshatangulia: mzee wa spana amekuja, fungueni mabegi.

"Mzee wangu, leo nina kitu cha Mjerumani."

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Katika nchi hii, kila chenye kutu ni cha Mjerumani. Daraja la Mjerumani. Kisima cha Mjerumani. Kufuli la Mjerumani, nanga ya Mjerumani, pasi ya mkaa ya Mjerumani. Mwingereza alikaa hapa miaka zaidi ya arobaini, lakini ukiwasikiliza wauza vyuma utadhani alikuja mikono mitupu, akakaa, akaondoka bila kudondosha hata msumari. Nimeshaletewa bisibisi ya Mjerumani yenye mpini wa plastiki nyekundu inayoonyesha. Nimeshaletewa jeki ya Mjerumani iliyoandikwa Kijapani.

Siku moja kijana alinikabidhi spana kwa ushindi mkubwa. "Soma mwenyewe mzee, nisije nikaambiwa mwongo." Nikasoma: MADE IN W. GERMANY. Nikamwelekeza polepole, kwa upole wa mwalimu wa zamu, kwamba hiyo W ni ya Magharibi, na Ujerumani Magharibi ilizaliwa mwaka 1949, ikaacha kuitwa hivyo mwaka 1990 ilipoungana na nduguye wa Mashariki. Na Mjerumani yule aliyetutawala alisalimisha silaha Novemba 1918, kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia. Kwa hiyo spana hii ilitengenezwa miaka thelathini na zaidi baada ya anayedaiwa kuwa mwenyewe kufungashiwa virago.

Kijana akafikiri. "Labda alirudi kuichukua."

Kama ni Mjerumani wa enzi hizo mwenye gari, yupo mmoja ninayeweza kumwapia. Ni afisa wa jeshi aliyeitwa Paul Graetz. Aliondoka Dar es Salaam Agosti 1907 na gari lililoundwa Gaggenau, akakata Afrika upande hadi upande, akatokea Swakopmund, Namibia ya leo, Mei 1909. Karibu miaka miwili porini, mitoni na matopeni. Sasa niambieni, wapendwa: mtu anayekwenda safari ya namna hiyo, kwenye bara ambalo halina gereji wala duka la vipuri, ataacha spana yake Gerezani? Kama kuna binadamu katika historia ya mji huu aliyehesabu spana zake zote kabla ya kuondoka, ni huyo. Alizibeba. Tafuteni Namibia.

Lakini kisa kilichonichosha zaidi ni cha mshale. Nililetewa spana nyeusi, nzito, nzuri kabisa, iliyogongwa mwaka 1943 na kando yake alama ndogo yenye vidole vitatu, kama unyayo wa kuku. Muuzaji akashusha sauti. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaniambia kwamba huo ni mshale wa Mjerumani, na unaonyesha upande zilikofukiwa rupia.

Nikamuuliza, "Ukiilaza spana hivi, unaonyesha wapi?"

"Kigamboni."

"Na nikiigeuza hivi?"

"Magomeni." Akasita kidogo. "Inategemea alivyoilaza yeye."

Jamani. Mshale ule ni chapa ya mali ya serikali ya Uingereza. Kwa karne na karne waliugonga kwenye mizinga, mahema, visu, na vita vilipoanza kupiganwa kwa magari wakaugonga kwenye spana pia, ili askari asiibebe kwenda nayo nyumbani. Na mwaka 1943 ni mwaka 1943, hauna siri. Namna spana kama hizo zilivyoweza kufika kwetu nayo haihitaji mganga. Vita vilipokwisha, Waingereza walikuja na Mpango wa Karanga, wakaanza Kongwa mwaka 1947. Walikuwa na haraka na mashine mpya hazikuwepo, wakaokota vilivyobaki vya vita: matrekta yaliyotumika, malori, hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mwaka 1951 mpango ukafungwa, pauni zaidi ya milioni thelathini zikiwa zimekwenda na upepo wa Dodoma. Karanga zilikataa. Chuma kilibaki. Kwa hiyo ukitafakari vizuri, yule kijana hakuwa mbali sana: kweli kuna mali iliyofukiwa katika ardhi ya Tanganyika, ila ni ya mlipa kodi wa Uingereza, na hakuna mshale utakaoirudisha.

Ninachokasirikia si uongo wa biashara, maana huo ni chumvi ya soko. Ninachokasirikia ni kwamba ukweli umeandikwa pale pale, juu ya chuma, kwa herufi kubwa, na hakuna anayetaka kuusoma. Kifaa cha zamani kina adabu ambayo watu wengi hawana: kinajitambulisha. Kinasema kilizaliwa wapi, kwa kazi gani, pengine hata mwaka. Unachotakiwa ni brashi ya waya, mafuta ya taa na subira. Kutu ikikaza, kilaze kwenye siki usiku mmoja. Herufi zikififia, paka chaki nyeupe kisha futa juu juu: chaki inabaki ndani ya maandishi, nayo yanasomeka yote. Namba ya hataza ukiipata, umepata tarehe ambayo kifaa hakiwezi kuwa kimezaliwa kabla yake. Jina la mji ukilipata, umeshafika nusu ya njia: Remscheid, hapo una kina Gedore na Hazet; Enköping, una Wasweden na chapa yao ya Bahco; Birmingham, keti chini, una siku nzima.

Sharti moja tu: ujue kipi ni jina na kipi si jina. Kuna muuzaji anayeniletea kila kitu cha "kampuni ya Drop Forged." Anaisifu kwelikweli. Anasema Drop Forged ni wakongwe, vitu vyao havivunjiki. Nimejaribu kumwambia kwamba Drop Forged si mtu, ni namna ya kufua: chuma kinachomwa kikawa chekundu, kinawekwa ndani ya kalibu, nyundo ya mashine inakishukia. Spana nyingi zilizofuliwa na Mwingereza, Mmarekani na Mhindi zimeandikwa hivyo. Hataki. Kwake Drop Forged ni tajiri mmoja mwenye viwanda dunia nzima, na pacha wake anaitwa Chrome Vanadium. Huyu wa pili ndiye ninayemwogopa. Zamani waliandika Chrome Vanadium juu ya chuma kilichochanganywa kweli na kromu na vanadi. Siku hizi wanaigonga hata juu ya spana ambayo ukiikaza kwa hasira inapinda ikuangalie.

Sasa nimgeukie Mwingereza, maana naye asidhani nimekuja kumtetea.

Mwaka 1841, mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza kwamba bolti za Uingereza nzima ziwe na meno ya aina moja, yenye pembe ya nyuzi 55. Hadi hapo nampigia makofi, kwa sababu kabla yake kila karakana ilikuwa na bolti zake na majirani hawakuweza kuazimana hata nati. Taabu ni spana zake. Namba iliyo kwenye spana ya Whitworth haikuambii upana wa mdomo wa spana. Inakuambia unene wa bolti, ile iliyojificha ndani ya nati, usiyoiona. Kwa hiyo spana iliyoandikwa 1/2 W ina mdomo wa zaidi ya milimita 23, na spana nyingine iliyoandikwa 1/2 AF, ambayo inapima mdomo wenyewe, ina milimita 12.7. Zote zinaitwa nusu. Ziweke juu ya meza umwonyeshe mtoto wa darasa la nne, atakuuliza swali ambalo hutaweza kumjibu ukabaki na heshima.

Hawakuishia hapo. Mwaka 1908 wakaleta meno membamba ya BSF, na vichwa vya bolti hizo wakavifanya vidogo kwa saizi moja. Matokeo yake mdomo mmoja wa spana ukapata namba mbili: huku 1/4 W, huku 5/16 BS, milimita 13.3 zile zile. Vita vya pili vilipokuja, chuma kikawa adimu, wakavipunguza na vichwa vya Whitworth vikalingana na vya BSF, kwa hiyo spana za zamani nazo zikawa hazisemi kweli tena. Kwa bolti ndogo za umeme na mita walikuwa na mtindo wa BA, ambao namba ikipanda bolti inapungua: sifuri ni kubwa kuliko mbili, mbili ni kubwa kuliko nne. Na BA hiyo, msinicheke, imepimwa kwa milimita! Waliichukua kutoka kwa Waswisi, watu wa saa. Taifa lililokuwa tayari kupigana kwa ajili ya inchi lilikuwa limeficha milimita ndani ya taa za gari.

Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada wakakubaliana juu ya meno ya pamoja. Mwaka huo huo, Aprili, Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, ikiwa imefungwa kwa bolti za mtindo wa zamani. Matoleo yaliyofuata yakaanza kuchanganya, ya zamani huku, mapya kule. Ndiyo maana fundi wa Land Rover za zamani utamkuta amelala chini ya gari na seti tatu za spana, anaongea peke yake. Msimhukumu.

Ila kisa kinachonipa raha katika fujo hii yote ni cha Morris. Kampuni ya Kifaransa ya Hotchkiss, watengeneza silaha, ilifungua kiwanda Coventry wakati wa vita vya kwanza, na mashine zake zilikata meno ya milimita. Vita vilipokwisha wakaanza kumtengenezea William Morris injini, na mwaka 1923 Morris akakinunua kiwanda chote. Kubadilisha mashine ilikuwa gharama. Akafanya nini? Akaacha meno ya Kifaransa, akaweka vichwa vya Kiingereza. Bolti ndani inaongea milimita, nje imevaa Whitworth, ili bwana shamba wa Oxfordshire atumie spana aliyonayo bila kujua kwamba anamfungua Mfaransa. Desturi hiyo ikaendelea hadi kwenye magari ya michezo ya MG ya miaka ya hamsini. Siku nikiwa na huzuni, nakaa nakumbuka hilo.

Milimita 13.3 nilizozitaja, zishikeni, kwa sababu ndizo zinazonigombanisha na mafundi. Spana ya 13 haiingii kwenye nati hiyo. Ya 14 inaingia, inacheza. Fundi wa leo anachukua 14. Namwambia, fundi, hiyo si yake. Ananijibu neno moja ambalo limeua nati nyingi kuliko kutu: "Inakaa." Anakata kipande cha kopo la soda, anakichomeka kati ya nati na spana, anavuta. Nati inatoa sauti ambayo sitaieleza kwa sababu watoto nao wanasoma gazeti. Pembe sita zimekuwa duara. Anachukua spana malaya. Nayo inateleza. Anachukua plaisi ya kukaba. Mwisho anachukua tindo na nyundo, nami naambiwa nisogee pembeni ili nisiumie macho.

Namhurumia Msweden Johan Petter Johansson. Alipopata hataza ya spana yake ya kurekebishwa, hiyo hiyo malaya, mwaka 1892, alitaka kumpunguzia fundi mzigo wa kubeba spana chungu nzima. Hakujua kwamba tungeigeuza kuwa nyundo. Spana za namna hiyo ninazookota, taya zake ni nzima, skrubu yake ni nzima, lakini kichwa kimepondeka kwa kupigia misumari.

Na msiniambie kwamba Toyota imetuokoa. Ni kweli Mjapani ana nidhamu: kumi, kumi na mbili, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tisa, gari zima limekwisha. Ni kweli pia kwamba kila gari lilitoka kiwandani na mfuko wake wa spana, umekunjwa vizuri, una jeki na spana ya gurudumu. Gari linapanda meli na mfuko. Gari linanifikia bila mfuko. Mahali fulani kati ya bahari na nyumbani kwangu kuna mtu ana stoo kubwa kuliko yangu, na namwonea wivu. Hata bisibisi tumeshindwana. Skrubu ya nyota ya Kijapani ina kitobo kidogo kichwani, alama ya kwamba haikubali bisibisi ya nyota ya Phillips, ile ya Kimarekani iliyoanza kufungia magari ya Cadillac mwaka 1936. Mjapani amejisumbua kuweka alama. Fundi wangu anaiona alama hiyo na kusema ni uchafu.

Yote haya nayaeleza nyumbani, wakati wa chakula. Mke wangu ana subira iliyopita mipaka ya ndoa, lakini siku hizi ameanza kuhesabu. Anahesabu chupa za siki. Anahesabu chaki za mtoto. Aliwahi kuniuliza mbele ya shemeji zangu, "Baba watoto, hivi kati ya hizi zote, ipo inayofungua bomba la jikoni ambalo linavuja tangu Pasaka?" Nikamweleza kwamba hizi ni spana za magari ya zamani, si za bomba la jikoni. Nilidhani hilo ni jibu.

Majirani nao wana imani kwamba mtu mwenye spana nyingi lazima awe na ya ziada. Wanakuja Jumapili asubuhi. "Shikamoo mzee, naomba kumi na saba." Nikisema kumi na saba sina, ninayo 3/8 Whitworth, wananiangalia kama mchoyo. Ikitoka hairudi, na ikirudi ina saruji. Kuna mmoja alinirudishia spana ya flati ya mwaka 1943, ile yenye mshale, baada ya kuikorogea rangi ya geti. Rangi ya bluu. Nilipolalamika alishangaa: "Si ilikuwa na kutu? Nimekupendezeshea."

Hata sisi wakusanyaji wenyewe hatupatani. Yupo mwenzetu anayechovya kila kitu kwenye kromu mpaka spana zake zinang'aa na haziwezi kusema zilizaliwa lini, maana maandishi yote yamelambwa na mashine ya kung'arishia. Yupo mwingine anayekusanya masanduku matupu ya vifaa. Wote tunaota kitu kimoja: seti ya Hazet ya Volkswagen, lile sanduku la duara, mfano wa kifuniko cha gurudumu, lililotengenezwa lilale katikati ya tairi la akiba la Mende. Ulaya linauzwa kwa pesa ya kuozeshea. Nimewahi kulikuta Ilala, duara lile lile, bila spana hata moja. Lilikuwa na misumari na mtungi wa gundi, na mwenye duka hakutaka kuliuza. Alisema ni la urithi. Nikamuuliza la nani. Mnajua alivyojibu.

Basi hivi karibuni alitutembelea mzee mmoja, mzazi wa jirani, aliyewahi kuwa makanika wa magari ya serikali mikoani. Nikampa shikamoo, akaitika, tukanywa chai, na kwa kuwa sina adabu nikamkokota stoo. Mzee akawa anashika kimoja kimoja, anataja. Ile ndogo yenye vipande vyembamba vya bati ya kupimia mwanya: "Lucas, ya pointi za distribyuta." Ile ndefu yenye kona: "Liva ya tairi la Bedford, usisimame mbele yake." Hakuvaa miwani. Hakutumia chaki.

Akafika kwenye kile ambacho mimi na wenzangu tumekizunguka muda mrefu bila jibu: chuma kifupi, kimepinda kidogo, mwisho mmoja una tundu la pembe nne. Hakina jina wala namba wala mshale.

"Breki ya mkono ya Land Rover," akasema. "Ile inakaa nyuma ya gia boksi, ina skrubu ya pembe nne ya kukazia. Spana ya kiwandani ilikuwa ndefu, mkono hauzunguki. Ikakatwa, ikapindwa kwa moto." Akaigeuza. Ubavuni, mahali nilipodhani pamechubuka tu, palikuwa na alama tatu za tupa, zimepangana sawasawa. Mzee akazipitishia kidole gumba. "Na nimeikata mimi. Gereji yetu kila fundi alikuwa na alama yake, maana wizi haukuanza jana. Tatu ni mimi. Gari lilichukuliwa kwenda vita vya Kagera mwaka 1978, likaondoka na spana yangu."

Nikajitetea kwamba nimeinunua, tena kwa bei kubwa.

"Kwa nani?"

"Kwa kijana mmoja."

"Alisema ni ya nani?"

Jamani, ningemjibu nini mtu mzima? Nikamtajia. Mzee akacheka mpaka akashika rafu, kisha akafuta machozi, akaitia spana mfukoni, akauliza kama chai ipo nyingine.

Ingekwisha hapo ningesamehe. Lakini mke wangu alikuwa mlangoni ameshika birika, ameona yote, na uso wake ulikuwa na mwanga ambao sijauona tangu tulipopata kiwanja. Hakusema kitu. Jioni ile alipiga simu nyingi kuliko kawaida. Siku ya pili aliwatangazia wenzake wa kikoba, na jumuiya, na kina mama wa sokoni, kwamba mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi gereji, karakana ya reli au kambi ya matrekta, na amewahi kupotelewa na spana, afike nyumbani kwetu Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi aangalie yake. Chai na maandazi vipo. Usafiri wa bodaboda kwa wasiojiweza analipa yeye.

Nimemwomba aahirishe. Amesema hawezi, wazee wa Morogoro wameshakata tiketi.